Barua ya wazi: Tuambieni mapema, sisi watu wazima wenye usonji

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia afya, kazi, usafiri na masuala ya watu wenye ulemavu,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: WATU WAZIMA WENYE USONJI NA WASIWASI WA KILA SIKU

Waheshimiwa, tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mhasibu, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Nina usonji, yaani autism. Niligunduliwa nikiwa na miaka 31, baada ya kuitwa mtoto mpole, kisha msichana mwenye maringo, kisha mfanyakazi mzuri ila ana mambo yake. Nawaandikia kwa sababu kila inapofika tarehe 2 Aprili, siku ambayo dunia inazungumzia usonji, nasikiliza hotuba mwanzo hadi mwisho, na kila mwaka zinaishia kwa watoto. Watoto wanastahili hotuba hizo, na wanastahili zaidi ya hotuba. Lakini siku hii inaadhimishwa tangu 2008. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 mwaka ule sasa anatafuta kazi, anagombania daladala, anapanga chumba, na usonji wake anao vilevile.

Mtoto wa kwanza kuelezwa katika andiko maarufu la Dk. Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto, la mwaka 1943, kati ya watoto 11 wenye usonji aliowaandika humo, ni Mmarekani aliyeitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Alifanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi za mbali peke yake. Watu wa mji wake walimjua na walizizoea taratibu zake. Kila nikikumbuka habari zake, hilo la mwisho ndilo linalonigusa. Mtu aliishi miaka 89 mahali ambapo hakulazimika kuanza kujieleza upya kila asubuhi.

Nieleze kwanza wasiwasi ninaousema, maana neno hili kila mtu ana lake. Wangu unaanza vidoleni: vinapoa. Kisha masikio yanafunguka kupita kiasi. Nasikia feni, nasikia taa ya tyubu inavyolia, nasikia mtu wa meza ya tatu anavyotafuna karanga. Halafu maneno yanakauka. Sentensi naiona nzima kichwani, ila mdomo haufunguki. Mara nyingi ni hapo ndipo ninapogundua kwamba kumbe tangu asubuhi nilikuwa na hofu. Wengi wetu hisia zetu tunachelewa kuzitambua, kwa hiyo mtu akituuliza "unajisikiaje?" tunajibu "salama" kwa moyo safi, na dakika 20 baadaye tumeanguka.

Naomba pia mtenganishe mambo mawili ambayo kwenye vyombo vya habari huchanganywa. Usonji ni namna ubongo ulivyoumbika tangu mwanzo. Hauambukizi wala hautafutiwi dawa ya kuuondoa. Wasiwasi ni jambo lingine, unatibika na unapunguzika, ila kwetu umeenea mno. Mwaka 2019 watafiti walikusanya tafiti nyingi za watu wazima wenye usonji wakakuta kama asilimia 27 walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi wakati huo, na asilimia 42 waliwahi kuupata maishani. Na chakula kikubwa cha wasiwasi huo ni kutojua. Nini kitafuata, lini, mahali gani, nani atakuwepo, kitachukua muda gani. Watu wengi huziba pengo hilo kwa kubahatisha na wanaendelea na safari. Mimi kubahatisha huko kunanimaliza nguvu za siku nzima.

Chukueni asubuhi moja ya mwezi Mei. Naamka saa 10 na nusu alfajiri. Kazini si mbali kiasi hicho, ila saa 11 na robo gari bado zina nafasi na makonda hawajafungulia muziki. Nakaa dirishani, upande wa kushoto. Nauli nimeishika kamili, imekunjwa mara mbili, nisije nikaulizwa habari za chenji. Mfukoni nina pindo la khanga, kipande cha urefu wa kiganja nilichokata kwenye khanga ya marehemu bibi yangu, na nalisugua kwa kidole gumba toka Tabata hadi Kariakoo. Abiria wa pembeni hajui kitu. Anaona mwanamke aliyetulia.

Siku hiyo tulipofika Buguruni konda aligonga bodi mara mbili. "Mwisho hapa! Gari inageuza, shukeni!" Watu walilalamika, wawili watatu walidai nauli yao, kisha kila mmoja akashuka akatafuta gari lingine. Mimi nilisimama ukutani, nje ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa saa moja na dakika 10. Gari za Kariakoo zilikuja nikaziona, zikaondoka nikaziona. Mguu haukuinuka. Safari niliyoipanga tangu usiku, kituo kwa kituo, ilikuwa imekatwa katikati na sikuwa na nyingine kichwani. Mama mmoja muuza maandazi alinisogezea ndoo nikae. Hakuniuliza kitu. Alinimiminia chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki, akaendelea kuhudumia wateja wake. Sauti iliporudi nikasema "ahsante, mama", naye akajibu "pole, mwanangu" kama vile tulikuwa tumezungumza saa nzima. Nilirudi nyumbani. Mshahara wa siku ile ulikatwa.

Wenzetu wa LATRA, mnaodhibiti usafiri wa ardhini, mnajua kwamba kukatisha ruti ni kosa, na mmelikemea mara nyingi. Ninachoomba ni mjue uzito wake ukoje kwa baadhi yetu. Ruti iliyoandikwa ubavuni mwa gari, kwangu, ni ahadi niliyoijengea siku nzima. Simamieni ahadi hiyo. Na pale barabara inapofungwa kwa msafara au ujenzi, tangazeni usiku wa kuamkia, kwa maandishi, mahali pamoja panapojulikana. Tangazo la redio asubuhi hiyohiyo linanikuta nimeshatoka nyumbani.

Sasa niseme jambo ambalo naamini wataalamu wetu wengi hawajalipa nafasi. Katika orodha za dalili za usonji, mojawapo ni kutomtazama mtu machoni. Mimi nimezaliwa Tanga, nimelelewa na bibi. Kwetu mtoto wa kike anayemkodolea macho mtu mzima ndiye mwenye kasoro. Anayeinamisha uso anasifiwa. Nilisifiwa sana. Nilikuwa naangalia sakafu kwa sababu macho ya watu yalikuwa yananiunguza, na kila mgeni aliyekuja alimwambia bibi, "mjukuu wako ana adabu." Nilikuwa sichezi na wenzangu, napanga visoda kwa rangi na ukubwa kibarazani, navivuruga, navipanga tena. Wakasema "huyu hazururi." Nilipenda salamu zetu kuliko kitu chochote, na hadi leo nazipenda, kwa sababu zina njia yake: shikamoo jibu lake marahaba, habari za asubuhi jibu lake njema, na ukishaijua njia hiyo hakuna anayekubadilishia. Shida ilianza salamu zilipokwisha. Hapo ndipo nilikuwa sijui pa kuweka mikono.

Kwa hiyo adabu zetu, ambazo sizilaumu, zilinificha vizuri mno. Nina hakika zimewaficha wasichana wengi. Tukishakuwa wakubwa tunaendelea kujificha wenyewe: tunajifunza kucheka wenzetu wanapocheka, tunakariri maneno ya pole ya msibani, tunashika kikombe namna dada fulani anavyokishika. Inawezekana kuishi hivyo miaka mingi. Mimi niliishi hivyo hadi mwaka nilipofikisha 30, nikaanza kulia chooni ofisini kila siku saa 6 mchana bila kujua nalia nini. Shangazi yangu, kwa upendo wake wote, alinipeleka kusomewa. Nilisomewa, nikashukuru, kesho yake saa 6 ikafika.

Nikaenda hospitali. Sitaitaja, maana yaliyonipata pale nimesikia wenzangu wakiyasimulia kuhusu mahali pengine. Nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa 4. Majina yalikuwa yanaitwa kwa kupigiwa kelele kutoka mlango wowote kati ya milango mitano, televisheni ikiwa juu, na kila aliyeitwa akichelewa alirukwa. Nilirukwa mara mbili kwa sababu nilikuwa nimeziba masikio. Nilipoingia, daktari alisikiliza nusu ya karatasi niliyoiandika nyumbani akasema, "Usonji ni wa watoto. Wewe umesoma, una kazi, unaongea vizuri." Nikapewa vidonge vya usingizi.

Waheshimiwa wa afya, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 unasema wazi kwamba dalili za usonji huanza utotoni lakini zinaweza zisionekane kikamilifu hadi baadaye, pale matakwa ya maisha yanapozidi uwezo wa mtu. Mwongozo huo ndio wenu pia. Aliyenigundua alikuwa mwanasaikolojia tiba niliyemlipa kwa fedha yangu. Alinipa vikao vitatu, akamwita mama yangu kutoka Tanga, akamuuliza habari za miaka yangu minne, mitano, sita. Mama alivyofika kwenye visoda alinyamaza. Kisha akasema, "Kumbe vile." Hatukuongea tena hadi tulipofika nyumbani, na usiku akanipikia wali wa nazi bila kitoweo kugusana na wali, kama nilivyokuwa nataka nikiwa mdogo na nilikuwa nagombezwa.

Ninachoomba upande wenu ni wataalamu wafundishwe kumtambua mtu mzima, wa Dar na wa mikoani, na huduma hiyo iingie kwenye mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ili mtu asiuze cherehani kupata jina la kitu alichozaliwa nacho. Na kwenye foleni, wapeni watu namba za karatasi. Namba ikiandikwa ukutani kiziwi anaiona, mzee mwenye usikivu hafifu anaiona, na mimi naiona bila kusubiri kupigiwa kelele. Tiba ya wasiwasi nayo irekebishwe kidogo: mgonjwa mwenye usonji aandikiwe yaliyosemwa, aelezwe kikao kitakwendaje, asilazimishwe kutaja hisia ambayo bado hajaiona.

Nije kwenye kazi, maana hapa ndipo penye mambo mengi.

Ofisi yangu ya zamani iliniondoa nguvu kwa maneno matatu: "Njoo ofisini kwangu." Bosi alikuwa anayatuma kwa simu, bila kueleza zaidi, wakati mwingine saa 3 asubuhi kwa ajili ya saa 9 alasiri. Saa sita hizo nilikuwa sifanyi kazi. Nilikuwa napitia kila ankara niliyoigusa mwezi mzima kutafuta kosa. Nikifika, anataka nimsaidie kusoma jedwali. Hakuwa mtu mbaya. Kwake yalikuwa maneno mepesi. Niliacha kazi ile baada ya meza yangu kuhamishwa wikiendi bila taarifa. Jumatatu niliikuta kando ya mlango, chini ya kiyoyozi kinachonguruma, na vitu vyangu vimewekwa kwenye boksi.

Ninapofanya kazi sasa, mkuu wangu wa kitengo, dada mmoja mwenye miaka kama yangu, aliniuliza swali moja siku nilipomweleza: "Nikufanyie nini kisicho na gharama?" Nikamjibu aniandikie. Toka siku hiyo nikiitwa napata ujumbe wa namna hii: "Saa 8 mchana, ofisini kwangu, dakika 15, ankara za Machi, hakuna tatizo." Hayo maneno ya mwisho, hakuna tatizo, ndiyo yanayoniwezesha kufanya kazi kati ya saa 3 na saa 8. Likiwepo tatizo anaandika kwamba lipo na ni lipi, na hilo pia naliweza, kwa sababu nimelijua. Ananiruhusu kuvaa vizibo vya masikio. Ukaguzi wa hesabu wa mwaka jana kitengo chetu kilimaliza mapema, na leja zangu hazikurudishwa hata moja. Nasema haya nikijivunia, kwa sababu usonji huuhuu ulionisimamisha Buguruni ndio unaonionyesha senti iliyokaa pasipo pake.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, unasema kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana ni ubaguzi. Lakini ofisi nyingi zikisikia marekebisho zinafikiria njia ya kiti cha magurudumu, na baadhi hazijaijenga hata hiyo. Mkaguzi wa kazi anapotembelea ofisi, namwomba aulize pia maswali yasiyoonekana kwa macho: je, mfanyakazi anapewa maelekezo kwa maandishi akiomba? Kuna chumba au kona ya kupumzika kelele zikimzidi? Usaili unafanywaje? Mimi nimewahi kukosa kazi mbili kwenye usaili wa watu sita wanaouliza kwa zamu za kushtukiza, kazi ambazo ningezifanya nikiwa nimefumba macho. Kumpa mtu maswali nusu saa kabla hakumfundishi uhasibu asioujua.

Kuhusu kelele za mitaani nitasema kwa ufupi. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015 na NEMC, wasimamizi wa mazingira, mnazo mkononi. Spika ya baa, ya ukumbi au ya nyumba ya ibada ikipigwa hadi saa 8 usiku, jirani wa kawaida anakosa usingizi. Mimi nakosa usingizi na kesho yake nakosa sauti.

Na askari wetu, na walinzi wa benki na vituo vya mabasi: mtu aliyesimama muda mrefu mahali pamoja, anayejitikisa, asiyejibu anapoulizwa, huenda si mlevi wala mwizi. Mpeni nafasi. Ulizeni swali moja, kwa sauti ya chini, msubiri. Msimshike mkono. Hili naomba liingie kwenye mafunzo yenu kabla halijaingia kwenye taarifa ya habari.

Nimeongea sana habari zangu kwa kuwa naweza kuandika. Wapo wenzangu watu wazima wasioongea kabisa, wanaoishi chumba cha nyuma, wanaolishwa na mama mwenye miaka 70. Nimekutana na mama wa namna hiyo. Mwanawe ana miaka 40 na zaidi, anapenda kusikiliza mvua kwenye bati, na kila akisikia radi anamtafuta mama yake ashike sikio lake. Aliniambia, "Mimi siogopi kufa, naogopa kufa kabla yake." Nilikosa jibu la kumpa. Ninyi ndio mnaopanga bajeti, na nawaomba kwa unyenyekevu mlitafute jibu hilo: nani atamlea, wapi, kwa fedha ipi, na je, mama yule anaweza kuambiwa sasa, akiwa bado hai? Maana wasiwasi wake yeye, asiye na usonji, unafanana na wangu. Naye anasumbuliwa na kutojua.

Nitafurahi kujibiwa kwa maandishi. Mkiona vema kuniita tuzungumze, nitakuja. Naomba tu niandikiwe siku tatu kabla: tarehe na saa, jengo na ghorofa, watakuwepo watu wangapi na vyeo vyao, kikao kitachukua muda gani, na mnataka kunisikiliza nikisema nini. Nitafika nusu saa mapema nikiwa na karatasi zangu. Nikinyamaza katikati, nisubirini kidogo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhasibu, Tabata, Dar es Salaam